Mbuzi wa Ukutani

Kabla ya korona, Kavata alikuwa mtoto wa miguu. Hakujua kutembea, alijua kukimbia. Akitumwa chumvi kwa jirani, alikimbia. Akiitwa kula, alikimbia. Alikuwa na umri wa miaka minne, na magoti yake hayakupona kamwe. Kabla kidonda cha jana hakijakauka, cha leo kilikuwa kimeshafika.

Waliishi Kitengela, katika ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari mmoja kama meno. Mbele kulikuwa na geti la mabati. Nyuma kulikuwa na mlango mdogo wa waya, na baada ya mlango huo ulianza uwanda wa nyasi usio na mwisho. Siku nyingine punda milia walipita mbali, katika joto linalotetemeka, kama kitu ambacho mtu amekiota.

Baba yake Kavata, Ndambuki, alikuwa mlinzi wa usiku katika shamba la maua huko Isinya. Mama yake, Mutindi, aliuza sukuma wiki na nyanya mbele ya mlango wao. Asubuhi Kavata alikwenda nasari. Mwalimu wake aliitwa Resian. Mwalimu alipopiga kengele, Kavata alikuwa wa kwanza kuingia. Alipoipiga tena, Kavata alikuwa wa kwanza kutoka.

Kisha korona ikaja. Nasari ikafungwa. Kanisa likafungwa. Kafyu ikawekwa, usiku hakuna kutoka. Magari ya abiria yakakatazwa kutoka Nairobi na miji ya jirani, Kitengela ikiwemo. Mwenye ploti naye akatia kufuli kwenye mlango wa nyuma. Akasema hataki kuona mtoto akicheza uani.

Kikabaki chumba kimoja na dirisha moja linalotazama uwanda. Na ndani ya chumba hicho kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kulala mchana.

Ndambuki alirudi kutoka kazini jua likiwa limepanda. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya za mkewe. Alikunywa chai, akajitupa kitandani. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu Kavata alikuwa nasari. Sasa Kavata alikuwa hapo hapo, na miguu yake yote miwili.

Mutindi alichukua blanketi zito la bluu. Akalipigilia misumari dirishani. Chumba kikawa kama kipo chini ya maji. Kwao Makueni, mama yake alikuwa amemfundisha hivi: usingizi wa mtu anayekutafutia chakula ni chakula, usiumwage. Mutindi hakutaka kumwaga hata tone.

"Sss! Baba amelala," alimwambia Kavata.

Alisema hivyo asubuhi. Alisema hivyo mchana. Kavata akajifunza kutembea kwa vidole vya miguu. Akajifunza kuongea kwa pumzi, bila sauti. Mwisho akajifunza kukaa tu juu ya mkeka, gizani, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri chai.

Majirani walishangaa. Namalwa wa chumba cha pili alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Kavata, huyu mtoto wako unamlisha nini? Wangu wanabomoa nyumba. Wako hata hakohoi!"

"Ni malezi tu," Mutindi alijibu. Moyo wake ulijaa kama sufuria ya maziwa.

Jioni, kabla ya kafyu, Ndambuki alivaa koti lake na kwenda kazini kwa gari la shamba, lenye kibali cha kupita. Hapo Mutindi alimhurumia mtoto. Siku nzima amenyamaza, maskini. Basi alimpa simu atazame katuni. Kavata aliishika kwa mikono miwili. Uso wake uligeuka bluu kwa ule mwanga. Alikula akitazama simu. Alinawishwa akitazama simu. Chaji ilipokwisha, alilia mpaka ikachomekwa.

Na usingizi haukuja. Aliruka juu ya kitanda. Aliimba. Aliomba maji, aliomba chai, aliomba mkate. Alilala majogoo wakianza kuwika. Mchana wake, katika lile giza la bluu, alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Siku na usiku vikabadilishana viti.

Baada ya wiki chache, Kavata hakuwa Kavata. Alikataa chakula. Alianza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Alimng'ata mama yake mkono alipomnyang'anya simu. Na Mutindi mwenyewe alikuwa hajui anatembea au anaota. Mteja aliomba nyanya, akampa vitunguu.

"Dada, nilisema nyanya," mteja akamwambia.

"Si hizo?" Mutindi akauliza, macho yakifumba.

Kisha siku moja Kavata akasema neno lililomtia mama yake baridi.

"Mama, mbuzi wanapita ukutani."

"Mbuzi gani?"

"Wadogo. Miguu iko juu. Kichwa iko chini."

Mutindi alitazama ukuta. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na ukuta ulikuwa ukuta tu, na chokaa yake nyeupe.

"Hakuna mbuzi, Kavata."

"Walikuwa. Wameenda kwa sababu umefungua mlango."

Ikawa kila siku. Mbuzi asubuhi. Mbuzi jioni. Kavata alikaa akiukodolea ukuta macho, akitabasamu, akiwanong'onezea. Mutindi alipomwambia mumewe, Ndambuki aliweka kikombe chini polepole.

"Huyu mtoto anaugua kichwa," alisema. "Au kuna kitu kimemwingia."

"Usiseme hivyo, Baba Kavata."

"Nisemeje basi? Halali usiku. Anang'ata watu. Sasa anaongea na mbuzi hawako! Atakwenda kwa susu, bibi yake, huko Makueni. Nimeongea na Kitheka. Yeye ana lori na barua ya kusafirisha chakula, lakini hawezi kubeba mtu sasa hivi. Njia zikifunguliwa tu, atampitia. Akae huko mpaka awe sawa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe sawa."

Mutindi aliinuka, akafungua kabati. Alikuwa na mtoto mmoja tu. Alipanga nguo za Kavata ndani ya begi dogo la kijani, kwa sababu aliambiwa apange. Kila gauni alilokunja lilimkunja yeye. Kisha akalisukuma begi chini ya kitanda, asiendelee kuliona.

Namalwa alipopata habari, alimletea chupa ndogo ya dawa ya mafua.

"Mpe kijiko jioni. Atalala kama gunia. Akilala, mzee wako atasahau hayo mambo ya Makueni."

"Lakini hana mafua."

"Kwani mafua itajua?"

Mutindi alicheka bila kupenda. Akaweka chupa juu ya kabati. Nitampa leo jioni, aliwaza. Afadhali kijiko kimoja kuliko lori.

Lakini siku hiyo jioni haikufika salama.

Ilikuwa mchana. Ndambuki alikuwa akikoroma. Mutindi alikaa mbele ya nyanya zake, mgongo ukutani. Jua lilimpapasa uso kama mkono wa mama. Akaona anatembea Makueni, akiwa mtoto, ndani ya mchanga wa mto mkavu. Mchanga ulikuwa laini. Mtu alikuwa akimwita kwa mbali, na kila alipoitwa, ilisikika kengele. *Ngelengele. Ngelengele.* Akafungua macho.

Nyanya zilikuwepo. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Kavata?"

Alitazama chini ya kitanda. Alitazama bafuni. Alitazama kwa Namalwa. Kisha akaona mlango wa nyuma. Mafundi wa maji walikuwa wameufungua ili wapitishe mabomba, na hawakuufunga.

Mutindi alikimbia kama Kavata wa zamani. Uwanda ulikuwa mkubwa mno. Nyasi zilimkwaruza miguu. Aliwaza barabara kubwa na malori yake. Aliwaza mashimo ya kuchimbia mawe yaliyojaa maji. Aliita huku akikimbia. Halafu akaisikia tena ile kengele, na safari hii hakuwa akiota.

*Ngelengele.*

Mbele, karibu na mti wa mgunga, kulikuwa na kundi la mbuzi. Mwanamke mwenye shuka nyekundu na barakoa usoni alisimama akishika fimbo. Na kando yake, Kavata alikuwa ameinama. Ameinama kabisa, kichwa kati ya miguu, makalio juu, akiwatazama mbuzi kutoka hapo chini.

"Sasa wako sawa!" Kavata alikuwa akipiga kelele. "Mwalimu, sasa wako sawa! Miguu juu!"

Mutindi alianguka magotini, akamkumbatia. Alilia mpaka barakoa yake ikalowa.

"Pole, Mama Kavata," mwanamke alisema. "Nilitaka tu nimalize kuhesabu hawa, nimlete."

Ndipo Mutindi alipomtambua. Alikuwa ni mwalimu Resian.

"Mwalimu? Wewe ndio unachunga?"

"Nifanye nini? Nasari imefungwa, na mbuzi hawajafungwa. Baba mkwe alisema, 'Resian, si wewe unajua kulinda watoto watundu? Haya, hawa hapa.'" Alicheka. "Hawa ni wabaya kuliko wenu. Lakini hakuna mzazi anayekuja kuniuliza kwa nini wake amekuwa wa mwisho. Sasa niambie. Mtoto wako amekuja mbio akaniuliza kwa nini mbuzi wangu leo wanatembea na miguu chini. Amewaona wapi na miguu juu?"

Mutindi alimweleza. Alianza na mbuzi wa ukutani. Kisha maneno yakajivuta yenyewe: usiku, simu, kung'ata, kitanda kilicholowa, begi la kijani, lori la Kitheka. Resian alisikiliza akiwa mbali kidogo, kama watu walivyokaa siku hizo. Hakumkatiza.

"Hizi mbuzi hupita nyuma ya ploti yenu asubuhi na jioni," alisema mwishoni. "Twende nione huo ukuta. Nitampigia simu mdogo wa mume wangu aje awapitishe."

Waliingia chumbani kimya. Resian alisimama mbali na kitanda, barakoa puani.

"Funga mlango," alinong'ona.

Mutindi akafunga. Giza la bluu likawameza. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha macho yakazoea, na ukuta mweupe juu ya kitanda ukaanza kuwa hai. Nyasi zilikuwa juu. Anga lilikuwa chini. Na katikati, taratibu, kama watu wanaotembea usingizini, mbuzi walikuwa wakipita. Mweupe. Mweusi. Wa madoa. Miguu yao ilikanyaga juu, kwato kwa kwato, bila sauti.

"Yesu wangu!" Mutindi akasema kwa nguvu.

Ndambuki aliamka, akaketi. "Nani? Wezi?"

"Tazama nyuma yako, Baba Kavata."

Alitazama. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi. Mbuzi wa mwisho alisimama karibu na sikio lake, akala nyasi, akaondoka.

"Niliwaambia," Kavata alisema. Alisema kwa pumzi tu, kama alivyozoea.

Resian alienda dirishani. Alitafuta kwa kidole, akapata. Kwenye blanketi kulikuwa na tundu dogo, kubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Cheche ya jiko iliwahi kulichoma. Akaweka kidole juu ya tundu. Ukuta ukazimika. Akaondoa kidole. Uwanda ukarudi.

"Ni mwanga," alisema. "Mwanga hutembea moja kwa moja, haukunji kona. Unaotoka juu unapita tunduni na kuangukia chini. Unaotoka chini unaangukia juu. Chumba kikiwa giza kabisa, picha ya nje inakuja ndani, ila imepinduka. Hakuna shetani. Hakuna wazimu. Mtoto wenu ameona kitu cha kweli, na nyinyi mkamwambia hakuna."

Ndambuki alijifunika shuka mabegani. "Basi hana ugonjwa?"

"Ugonjwa wa kichwa hana. Lakini usingizi wake umeharibika, na tabia imefuata usingizi. Shemeji, nikuulize. Ndama ukimfungia gizani siku nzima, jioni ukimfungulia, atafanya nini?"

"Ataruka mpaka avunje boma."

"Ee. Na utamwambia ana shetani?"

Resian aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na mlango, na kuufungua kidogo hewa iingie.

"Mwili wa mtoto hausomi saa," alisema. "Unasoma jua, unasoma miguu, unasoma chakula. Mwanga wa asubuhi unauambia: amka. Kukimbia kunauambia: choka. Giza la jioni linauambia: lala. Hapa kwenu mchana ni giza na kimya. Jioni ni mwanga wa simu na kelele. Mwili wa Kavata umeambiwa uongo, na umeuamini."

"Lakini mtoto mtulivu ni mtoto mzuri," Mutindi alisema. "Kila mtu ananisifu."

"Mtoto wa umri huu hakuumbwa kwa utulivu wa kutwa, Mama Kavata. Anahitaji kuchezacheza si chini ya saa tatu kwa siku, na katika hizo, kama saa moja awe anahema kweli, anatoka jasho. Simu isizidi saa moja, na ikipungua ni vizuri zaidi. Jioni kabla ya kulala isiwepo kabisa. Usingizi wake kwa siku ni muda wa saa kumi mpaka kumi na tatu, ukihesabu na ule wa mchana."

"Na mimi?" Ndambuki aliuliza kwa ukali. "Mimi nilale saa ngapi? Aruke hapa, nikose usingizi, nisinzie getini, nifutwe. Halafu tule nini? Maneno ya mwalimu?"

Lilikuwa swali la haki, na Resian hakulicheka.

"Wewe unahitaji giza, shemeji, na lazima ulipate," alijibu. "Ila giza ni lako, si la nyumba nzima. Blanketi hili litoke dirishani, lizungushwe kitanda chako kama pazia. Fungua dirisha. Funga macho yako kwa kitambaa. Na mtoto nitapita naye asubuhi. Mbuzi wakubwa wanaenda mbali, lakini vitoto vyao vinabaki karibu na boma, si mbali na dirisha hili. Kwetu, watoto wadogo ndio wachungaji wa hao. Ni nje, kuna upepo, hakuna msongamano. Atanawa mikono akitoka, atanawa akirudi. Mama yake atakuja naye kidogo mpaka azoee."

"Na begi?" Mutindi aliuliza. Alikuwa akimtazama mumewe.

Ndambuki alikwepa macho yake. "Begi likae pale lilipo. Kitheka nimeshampa neno langu. Njia zikifunguliwa kabla hajawa sawa, anakwenda."

Resian alipoinuka kuondoka, aliona chupa juu ya kabati.

"Nani ana mafua hapa?"

Mutindi aliinamisha kichwa. "Ni ya kumlaza."

"Hapana, Mama Kavata. Hiyo si dawa ya kulala. Mtoto mdogo inaweza kumdhuru, hata kupumua kukawa shida. Dawa bila daktari au muuguzi usimpe. Na kitanda kikilowa usimpige, usimkejeli. Badilisha shuka, nyamaza. Amekojoa wasiwasi, hajakojoa utundu. Tukiona haponi, tutampeleka zahanati."

Chupa ikarudi kwa Namalwa siku hiyo hiyo.

"Umeogopa?" Namalwa aliuliza.

"Nimeogopa," Mutindi alikubali. "Na wewe uogope."

Mambo hayakuwa mepesi. Asubuhi ya kwanza Kavata alikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Alifika nje, akafunika macho, akalia kwa sababu ya jua. Alichoka haraka, akataka kubebwa. Mwenye ploti alikataa kufungua mlango wa nyuma, mpaka Namalwa alipomwambia mbele ya wapangaji wote kwamba afungue, au watoto wote wa ploti wacheze mbele ya chumba chake. Akafungua asubuhi na jioni.

Jioni ya kwanza bila simu, Kavata alipiga teke sufuria ya ugali. Jioni iliyofuata alilia mpaka Mutindi akashindwa, akampa simu. Kesho yake alimwambia Resian kwa aibu.

"Hata mimi kuna siku mbuzi wananishinda," Resian alisema. "Leo tunaanza tena. Lakini mpe kitu badala ya simu. Usimnyang'anye kitu, halafu umwachie mikono mitupu. Fanyeni mambo yale yale kila jioni, kwa mpangilio ule ule. Kengele za mbuzi zikirudi, aoge. Baada ya kuoga, ale. Baada ya kula, zima taa kubwa, umwimbie."

"Mimi sijui nyimbo."

"Mimi ninayo moja. Niliitunga nikichunga. Huku nje hakuna kazi nyingine ya kichwa."

Akamfundisha, na Mutindi akaibeba moyoni mpaka nyumbani:

*Mbuzi wamerudi kwao, kengele zimenyamaza,*
*Ndege na makinda yao, nyimbo wameshamaliza,*
*Punda milia na wao, mistari wameilaza,*
*Lala nawe, lala nao, kesho tutawauliza.*

"Tutawauliza nini?" Kavata alitaka kujua jioni hiyo.

"Tutawauliza wameota nini."

"Mbuzi wanaota?"

"Kesho utawauliza."

Kavata aliwaza. Miguu yake ilikuwa na vumbi la uwanda ambalo maji hayakuliondoa lote. Tumbo lake lilikuwa limejaa ugali na maharagwe, kwa sababu siku hizo alikula kama mfanyakazi. Mama aliimba tena, polepole. Alipofika kwenye punda milia, mkono mdogo ulimshika kidole. Alipofika kwenye mwisho, mkono ulikuwa umelegea. Nje mwanga wa jioni ulikuwa haujaisha kabisa. Mutindi alibaki ameketi, akiogopa kusogea. Alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu korona ianze. Ilikuwa pumzi ya mtoto aliyelala kwa wakati wake.

Ndambuki hakuyaona hayo. Usiku alikuwa Isinya. Mchana alikuwa nyuma ya blanketi lake la bluu, amefungwa macho kwa leso ya mkewe yenye maua.

"Kama bibi harusi," Namalwa alimtania akichungulia mlangoni.

"Wewe Namalwa, mimi nalala!"

"Bibi harusi haongei hivyo."

Mutindi alimwambia mumewe kwamba mtoto analala. Alimwambia kitanda sasa ni kikavu siku nyingi kuliko siku za kulowa. Alimwambia hang'ati tena. Ndambuki aliguna tu. "Wewe ni mama," alisema. "Mama hawezi kusema mtoto wake ni mbaya." Begi la kijani likabaki chini ya kitanda.

Ndipo serikali ilipotangaza kwamba njia zimefunguliwa.

Kesho yake asubuhi lori lilipiga honi getini. Kitheka aliingia uani akipepea kofia. Ndambuki alikuwa amefika kutoka kazini muda huo huo. Hakuwa hata amevua viatu.

"Mzigo wangu uko wapi?" Kitheka aliuliza. "Niko haraka. Nataka nipite vizuizi vya polisi kabla jua halijawa kali."

Mutindi alikuwa akipanga sukuma. Mikono yake ilisimama. Alimtazama mumewe. Alikuwa ameshasema yote.

"Ngoja nilete begi," Ndambuki alisema.

Aliingia ndani. Alipita pazia la blanketi, akainama, akavuta begi. Akaketi kitandani kidogo kupumzisha mgongo. Huko nyuma ya pazia kulikuwa giza. Akainua macho.

Dirisha lilikuwa wazi, jua la asubuhi lilikuwa kali, na lile tundu la cheche lilikuwa bado lipo. Juu ya ukuta, hafifu lakini wazi, uwanda ulikuwa umepinduka. Vitoto vya mbuzi vilipita, miguu juu. Na nyuma yao, kichwa chini, gauni likipepea, alikuja mtoto. Alikuwa akikimbia. Alikimbia kutoka pembe ya ukuta mpaka pembe nyingine, akaanguka, akainuka bila kujifuta, akakimbia tena. Picha haikuwa na sauti. Lakini kutoka dirishani, kutoka uwandani wenyewe, sauti ikaingia, kubwa, ya kifua kizima:

"Nyinyi! Mmeota nini? Semeni! Mmeota nini?"

Miezi mingi Ndambuki hakuwa ameisikia sauti hiyo. Alikuwa amezoea ile ya pumzi.

Alikaa pale mpaka honi ikalia tena. Kisha akatoka. Mikononi hakuwa na begi.

"Yuko wapi?" Kitheka aliuliza.

"Yuko kazini," Ndambuki alisema.

"Kazini? Mtoto?"

"Anachunga. Mpelekee susu yake sukuma. Mwambie tutakuja sote Disemba, tumsalimie, turudi." Alimgeukia Mutindi. "Mama Kavata, mfungie mzigo mkubwa."

Mutindi alifunga mzigo mkubwa kuliko wote aliowahi kufunga. Fundo alilikaza mara mbili, kwa sababu machozi yalimzuia kuona kama limeshika.

Lori likaondoka. Ndambuki akanawa, akanywa chai, akarudi nyuma ya pazia. Nguo za begi alizirudisha mwenyewe kwenye kabati, zikiwa zimekunjwa vibaya. Alilala chali. Kabla ya kujifunga leso, alitazama ukuta mara moja tena, akiwatafuta mbuzi.

Nje, yule mtoto wa miguu alikuwa bado anauliza.